Kichwa cha Kukatia Mwamba: Kutoka Ukuta wa Makaa hadi Mishipa ya Dhahabu ya Kuria

Kichwa cha kukatia ni ile sehemu ya mashine ya mgodini inayogusana na mwamba. Mota, giaboksi na mkono unaopanda na kushuka vyote vipo ili kukipelekea kichwa hicho nguvu. Katika mashine zinazokata makaa ya mawe chini ya ardhi kwa mtindo wa ukuta mrefu, kichwa ni dramu ya chuma yenye kipenyo cha mita 1 hadi 2.5. Mwili wake umezungushiwa mbavu zilizojipinda mithili ya parafujo, na juu ya mbavu yamepandwa meno yenye ncha ngumu. Dramu inapozunguka, meno hung'oa makaa, nazo mbavu huyasukuma nje. Mashine inayokwangua lami kuukuu barabara inapokarabatiwa imebeba dramu ya ukoo huohuo tumboni mwake, yenye meno ya namna hiyohiyo.

Kegonga, makao makuu ya Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, si nchi ya makaa. Utajiri wa miamba ya Kuria ni dhahabu, na wachimbaji wadogo wa Migori wanaifuata kwa mtaimbo, nyundo na tindo. Swali la kwa nini watu wachimbe kwa mikono wakati kwingineko mashine moja hukata maelfu ya tani kwa siku lina majibu mengi. Mtaji ni mojawapo, na pia leseni. Lakini hata fedha zingepatikana kesho, mashine ya ukuta mrefu isingefaa kitu Kuria, na sababu yake inaonekana wazi mtu akikichunguza kichwa chake jino kwa jino.

Mtindo wa ukuta mrefu hutaka tabaka la makaa lililolala karibu sawasawa na kuenea mbali bila kukatika. Njia huchimbwa kulizunguka tabaka hilo hadi kitengwe kitalu chenye upana wa mita 150 hadi 400 na urefu wa kilomita moja au zaidi. Mashine hupita mbele ya kitalu, huku na huko, juu ya konveya ya minyororo, na kila safari huondoa unene wa sentimita 60 hadi 100. Nyuma yake imesimama safu ya nguzo za haidroliki zinazozuia paa. Makaa yakishakatwa, nguzo husogea mbele moja baada ya nyingine, na paa lililoachwa nyuma huporomoka kama ilivyopangwa.

Umbo la leo la mashine hiyo lilianzia Lancashire, Uingereza. Mwaka 1952 James Anderton, meneja wa migodi katika eneo la St Helens, alichukua mashine ya kukatia makaa iliyokuwepo na kuifungia kichwa kinachozunguka, ili kukata na kupakia kufanyike kwa safari moja. Dramu za mwanzo zilikaa kimo kimoja tu, hivyo makaa ya juu yalibaki pale tabaka liliponenepa. Katika miaka ya 1960 dramu iliwekwa kwenye mkono unaoweza kupanda na kushuka, na baadaye kila upande wa mashine ukapata mkono wake. Dramu ya mbele hukata sehemu ya juu, ya nyuma humalizia chini. Mashine za sasa hutumia zaidi ya kilowati 1,000 za umeme.

Nguvu hiyo yote hupita kwenye ncha za meno machache, na hapo ndipo usanifu wenyewe unapoanza. Mwamba huvumilia sana kubanwa lakini hauvumilii kuvutwa. Jiwe linaloweza kubeba mgandamizo wa megapaskali 100 huachana likivutwa kwa nguvu ya karibu moja ya kumi ya hiyo. Jino lililosanifiwa vizuri hutumia udhaifu huu. Ncha yake husaga sehemu ndogo sana ya mwamba mbele yake kuwa unga, na unga huo ukibanwa husukuma kando kama kabari hadi mwamba unaouzunguka uvutike na kupata nyufa. Nyufa hukimbilia upande ulio wazi, na kipande kikubwa hubanduka. Mpasua kuni anaijua kanuni hii: shoka huingia sentimita chache tu, lakini gogo hupasuka hadi mwisho. Mtafiti Mwingereza Ivor Evans aliiweka kanuni hiyo katika hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipoonyesha kwamba kabari inayoingia kwenye makaa huyavunja kwa mvutano. Usanifu wa meno umeegemea hesabu zake tangu wakati huo.

Matokeo yake ni makubwa. Kazi ya kuusaga mwamba hula nishati nyingi na kuzaa vumbi, ilhali kazi ya kuubandua hula nishati kidogo na kuzaa mabonge. Kwa hiyo wasanifu hupima ubora wa kichwa kwa nishati inayotumika kwa kila mita ya ujazo ya mwamba uliong'olewa. Jino linalopita juujuu, likikwaruza milimita chache, husaga karibu kila linachokigusa. Likizama zaidi, unga unabaki uleule mdogo chini ya ncha, huku kipande kinachobanduka kikikua. Kina cha mkato ndicho hupunguza gharama na vumbi kwa pamoja, na sheria nyingine nyingi za usanifu wa kichwa zinatokana na hili moja.

Mfano wa hesabu unaonyesha jinsi kina kinavyopatikana. Tuseme mashine inasafiri mita 6 kwa dakika na dramu inazunguka mara 40 kwa dakika. Katika kila mzunguko mmoja mashine imesonga milimita 150. Kama katika mstari mmoja wa mkato kuna meno matatu yanayofuatana, kila jino linapata sehemu yake, milimita 50. Dramu ikizungushwa mara 80 badala ya 40, kila jino linaambulia milimita 25 tu. Kazi itaonekana ya kasi zaidi kwa macho, lakini mashine itakuwa inatengeneza vumbi. Hii ndiyo sababu dramu za kisasa huzunguka polepole kuliko mtu anavyotazamia. Dramu ya kipenyo cha mita 1.8 kwa mizunguko 40 huipa ncha ya jino kasi ya karibu mita 3.8 kwa sekunde. Ni vyema kukumbuka pia kwamba milimita 50 ni kina cha juu kabisa. Kwa kuwa dramu ni duara, jino huingia likiwa halina kina, huzama hadi kiwango hicho katikati ya mkato, kisha hupungua tena likitoka. Kipande linachokibandua kina umbo la mwezi mwandamo.

Umbali kati ya mstari mmoja wa meno na mwingine hufuata kina. Mistari ikisongamana mno, meno husaga tena kilichokwisha kuvunjwa. Ikitengana mno, nyufa za mfereji mmoja hazikutani na za mfereji wa jirani, na katikati hubaki tuta la mwamba ambalo mwili wa dramu hulisugua. Wasanifu wengi hukaa karibu na umbali wa mara mbili ya kina, au zaidi kidogo kwa miamba inayokatika vipandevipande kwa urahisi. Kwa mfano ule wa milimita 50, mistari ingetenganishwa kwa karibu milimita 100. Ramani inayoonyesha kila jino limekaa wapi, kwa pembe gani, na linagusa mwamba kwa zamu ipi, ndiyo roho ya kichwa chochote. Meno yakigusa mwamba mengi kwa wakati mmoja na kisha machache, mashine nzima hutetemeka, giaboksi huchoka na beringi hufa kabla ya wakati. Ramani nzuri hugawa mzigo ili idadi ya meno yaliyomo mwambani ibadilike kidogo tu kutoka pembe moja ya mzunguko hadi nyingine.

Upande wa dramu ulioelekea ukutani ndio wenye taabu kubwa. Pale pembeni mwamba haujafunguliwa upande wowote, hivyo nyufa hazina pa kukimbilia. Meno ya hapo hupandwa karibukaribu na huinamishwa kuelekea nje, kila moja zaidi kidogo kuliko la jirani yake, ili kuliachia bamba la dramu nafasi ya kupita bila kusugua. Ndiyo huliwa mapema zaidi na ndiyo fundi huyakagua kwanza kila zamu.

Jino lenyewe lina maumbo mawili makuu. La kwanza ni bapa, kama patasi, na husimama wima kutoka katikati ya dramu. Hukata vizuri makaa laini. La pili ni koni iliyochongoka, ambayo huegeshwa kwa mshazari wa karibu nyuzi 50 kutoka kwenye uso unaokatwa. Koni haikazwi. Hukaa ndani ya kikombe chake kwa ulegevu ili izunguke yenyewe kidogo kila inapopiga mwamba, na kwa kuzunguka huko hulika sawasawa pande zote na kubaki na ncha. Matope na unga vikikijaza kikombe, koni hukwama, hulika upande mmoja na kuwa butu. Jino butu huhitaji nguvu mara kadhaa ya jino kali, na nguvu hiyo ya ziada hugeuka joto. Fundi anayepita na nyundo akigonga meno yaliyokwama ili yazunguke tena anafanya kazi ya thamani kubwa kuliko inavyoonekana.

Mwili wa jino ni chuma, lakini ncha ni kabaidi ya tungsteni, unga mgumu uliounganishwa kwa kobalti. Mchanganyiko huo ulibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1920 na kuuzwa na kampuni ya Krupp kuanzia 1926 kwa jina Widia. Kobalti ikiongezwa, ncha inastahimili mapigo zaidi lakini inalika upesi. Ikipunguzwa, inakuwa ngumu zaidi lakini inavunjika kama kioo. Hakuna ncha moja inayofaa kila mwamba, na anayenunua meno kwa bei peke yake hulipa tofauti baadaye.

Kazi ya pili ya dramu ni kupakia, na mara nyingi huvutana na ya kwanza. Mbavu zake, mbili hadi nne, husukuma makaa yaliyong'olewa kutoka ukutani hadi kwenye konveya. Mbavu zikilala mno, makaa husogea polepole na kuzunguka pamoja na dramu, yakisagwa upya. Mwili wa dramu ukinenepa, nafasi ya kubebea hupungua. Dramu ikizunguka polepole sana kwa ajili ya kupunguza vumbi, upakiaji unaweza kushindwa kwenda na kasi ya ukataji na dramu ikasongwa. Msanifu hutafuta mahali pa kukutania, na kila mgodi una mahali pake.

Vumbi na cheche ndivyo vimeua watu wengi zaidi kuliko meno yenyewe. Jino likigusa mwamba wenye mchanga wa silika juu au chini ya makaa, huacha nyuma yake mstari wa jiwe lililopashwa moto sana. Gesi ya methani hulipuka ikiwa imefikia asilimia 5 hadi 15 ya hewa, na mstari huo mmoja wa moto unatosha kuiwasha. Tarehe 5 Aprili 2010, katika mgodi wa Upper Big Branch huko West Virginia, Marekani, wachimbaji 29 walikufa. Wachunguzi wa serikali walihitimisha kwamba meno yaliyolika ya mashine ya ukuta mrefu yaliwasha methani, kwamba baadhi ya mabomba ya kunyunyizia maji kwenye dramu hayakuwa yakifanya kazi ipasavyo, na kwamba vumbi la makaa lililoachwa kulundikana lilibeba mlipuko huo mbali ndani ya mgodi. Meno na maji ni vitu vya bei ndogo mno kulinganishwa na mashine inayovibeba. Ndiyo maana katika dramu za sasa maji hupitishwa ndani ya mhimili na ndani ya mbavu, kisha hutokea nyuma au mbele ya kila jino. Hupoza njia ya ncha na kulilowesha vumbi kabla halijapaa. Maji yanayorushwa kutoka mbali, baada ya vumbi kuruka, hayafui dafu.

Sasa miamba ya Kuria. Mwanajiolojia R. M. Shackleton aliuchora ukanda wa dhahabu wa Migori katika ripoti ya Idara ya Jiolojia ya Kenya iliyochapishwa 1946. Ukanda huo unatoka upande wa Ziwa Viktoria, unapita Macalder, ambako mgodi wa shaba na dhahabu ulifanya kazi katikati ya karne iliyopita, unapita Migori na Kuria, na kuelekea Lolgorien katika Kaunti ya Narok. Ni miamba ya volkeno na mashapo yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, iliyokunjwa, kupashwa moto na kubanwa hadi ikakaza, na imepakana na matale. Dhahabu imo hasa katika mishipa ya kwatzi, jiwe jeupe linalong'aa.

Ukilinganisha nguvu za mawe, tofauti inashangaza. Makaa mengi huvunjika kwa mgandamizo wa megapaskali 10 hadi 40. Zege la nyumba ya kawaida ni karibu 25. Jiwe la sabuni la Tabaka, hapo jirani katika Kisii, huchongwa kwa kisu na panga kwa sababu ni laini sana. Matale na kwatzi hustahimili megapaskali 150 na kupita. Dramu yenye meno ya koni hufanya kazi kwa faida hadi karibu megapaskali 80 au 100, kama mwamba una nyufa za asili za kuisaidia. Ukipanda juu ya hapo, jino halizami tena. Linateleza juu ya uso na kukwaruza, likizalisha vumbi na joto, yaani hali ileile ambayo usanifu wote wa dramu umejengwa kuikwepa.

Ugumu wa kustahimili mgandamizo si adui pekee. Kwatzi hula chuma. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye ngazi 10, kwatzi ni 7, wakati vyuma vingi vya kawaida viko chini yake. Ncha ya kabaidi ni ngumu kuliko kwatzi, lakini kwa kiasi ambacho joto hukifuta haraka. Mwamba wenye kwatzi nyingi unaweza kumaliza meno ya dramu nzima katika muda ambao tabaka la makaa lisingeyagusa. Kisha liko suala la umbo. Mishipa ya ukanda wa Migori mara nyingi imesimama kwa mwinamo mkali, ni myembamba, hunenepa na kukonda, na hukatika ghafla kwenye ufa wa ardhi. Ukuta mrefu hauna pa kutembelea.

Wako waliojaribu kupeleka wazo la kukata kwa meno kwenye dhahabu. Katika dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, matabaka yamelala na kuenea kwa kilomita nyingi, hivyo mpangilio wa ukuta mrefu ulitumika huko kwa baruti. Kuanzia miaka ya 1960, watafiti wa Chama cha Migodi cha Afrika Kusini walijaribu kuiondoa baruti na kuweka meno ya kabaidi yakatao mifereji katika mwamba mgumu wa kwatzi. Mashine zilikata kweli. Lakini meno yalilika kwa kasi, na baruti ikabaki.

Vichwa vilivyofaulu kwenye mwamba mgumu havikwaruzi, hubana. Mashine za kutoboa mahandaki hutumia visahani vya chuma vinavyobingirika huku kila kimoja kikisukumwa kwa nguvu ya kilonyutoni 200 na zaidi. Visahani viwili vikipita sambamba, nyufa za chini yao hukutana na bamba la mwamba likabanduka katikati. Kanuni ni ileile ya umbali na kina, ila mashine inayoweza kusukuma hivyo ina uzito wa mamia ya tani na haipindi kufuata mshipa.

Kwa hiyo migodi ya dhahabu ya ukanda huu hutoboa na kulipua. Gokona, sehemu ya mgodi wa North Mara huko Tarime, upande wa Tanzania wa mpaka, ilianza uchimbaji wa chini ya ardhi mwaka 2015, na mwamba wake huvunjwa kwa baruti. Hapo kichwa cha kukatia kimepungua hadi kuwa ncha ya keekee, chuma chenye upana wa sentimita chache kilichopandwa vifungo vya kabaidi vyenye vichwa vya duara. Duara huvumilia mapigo kuliko ncha kali. Nyundo hupiga ncha maelfu ya mara kwa dakika, na baada ya kila pigo ncha hugeuzwa kidogo ili vifungo viangukie mahali papya. Pembe ya kugeuka huko ndiyo umbali kati ya mistari ya meno, uliohamishwa kutoka kwenye dramu. Ikiwa ndogo mno, vifungo vinasaga unga uleule. Ikiwa kubwa mno, tuta linabaki kati ya alama mbili.

Mchimbaji wa Kuria mwenye nyundo na tindo anafanya kazi hiyohiyo kwa mkono. Anapiga, anageuza tindo, anapiga tena, na akiwa hodari hutafuta kwanza upande ulio wazi ili jiwe libanduke badala ya kusagika. Hatari yake pia ni ileile ya dramu. Unga wa kwatzi ulio chini ya mikroni 5 hufika ndani kabisa ya mapafu, na silika iliyomo husababisha silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Unga huo hutoka shimoni, kwenye nyundo ya hewa, kwenye karasha, na pale wanawake wanapoponda mawe wakiwa wameketi chini. Keekee za mwanzo za hewa zilitoboa kikavu na kuua wachimbaji wengi, hadi mwishoni mwa karne ya 19 ulipobuniwa mtaimbo wenye tundu katikati unaopeleka maji hadi kwenye ncha. Kanuni hiyo haihitaji dramu wala kilowati 1,000. Jiwe likilowanishwa kabla ya kupondwa, na maji yakitiririshwa pale pale ncha inapogusa, sehemu kubwa ya unga hubaki matope. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo kiasi hicho. Barakoa maalumu za vumbi huzizuia, zikikaa vizuri usoni na zikibadilishwa zinapoziba.